Alikosa parokia, akaokoa lugha

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumze habari za mtu ambaye, kwa kipimo cha walimwengu, maisha yake yote yalikuwa ya kushindwa. Aliingia chuo kikuu asimalize. Alipata ukasisi asipewe parokia. Alipenda kinywaji kuliko kinywaji kilivyompenda yeye. Alizaliwa shambani kwa wazazi wake mwaka 1731, akazunguka nchi kwa miaka zaidi ya thelathini, na mwaka 1788 akafia palepale alipozaliwa, mfukoni hana kitu.

Mtu huyo aliitwa Evan Evans, mchungaji wa Kanisa la Anglikana katika nchi ya Wales. Wenzake washairi walimpa jina la Ieuan Brydydd Hir, yaani Ieuan Mshairi Mrefu, kwa sababu ya kimo chake. Bila shaka wengi wenu hamjapata kulisikia jina hilo. Hata mimi nisingelijua kama si tabia yangu ya kusoma habari za watu waliokusanya vitu ambavyo wenzao waliviona takataka. Nimeona nimlete mbele yenu kwa sababu aliyoyapigania hayajaisha, na baadhi yake yako majumbani mwetu humu humu mjini.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Tumezoea kumwita kila mtu wa kule "Mwingereza" na mambo yakaisha. Lakini Wales ni nchi ya milima, iliyo magharibi mwa England, na ina watu wake na lugha yake. Kiwelisi hakifanani na Kiingereza hata kidogo. Ni lugha yenye ushairi wa zaidi ya miaka elfu moja. Wafalme wa England waliiteka Wales katika karne ya 13, na mwaka 1536 sheria iliyotungwa London ikaamuru kwamba mahakama za Wales ziendeshwe kwa Kiingereza, na kwamba asiyejua Kiingereza asishike cheo cha serikali. Tangu hapo mambo yakawa kama mnavyoweza kukisia. Mabwana wenye mashamba makubwa, ambao babu zao walikuwa wakiwalisha na kuwavisha washairi, walianza kuwapeleka watoto wao shule za England. Baada ya vizazi vichache, bwana ana sebule iliyojaa vitabu vya mkono vya lugha ya babu yake, na hawezi kusoma hata ukurasa mmoja.

Hapo ndipo alipotokea kijana Evan, mwana wa mkulima wa kijiji cha Lledrod, katika wilaya ya Cardigan. Alisoma katika shule ya jirani, pale Ystrad Meurig, chini ya mwalimu hodari aliyeitwa Edward Richard. Halafu akabahatika kujuana na Lewis Morris, mtumishi wa serikali na mpimaji wa ramani za pwani, ambaye saa zake za mapumziko alizimalizia katika mashairi ya kale. Morris akamfundisha kijana kanuni za ushairi wa kwao, ambazo ni ngumu kweli kweli. Sisi tuliozoea vina na mizani tungewaelewa vizuri watu wale, maana kwao pia shairi lisilotimiza kanuni halikuwa shairi. Kijana akaenda Oxford, katika chuo cha Merton, akarudi bila shahada. Katikati ya miaka ya 1750 akapewa daraja la ukasisi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mgogoro unapoanzia. Katika kanisa la wakati ule kulikuwa na wachungaji wa namna mbili. Wa kwanza ni yule aliyekabidhiwa parokia, mwenye nyumba, shamba na fungu la kumi la waumini, ambaye huwezi kumwondoa kirahisi. Wa pili ni kasisi msaidizi, aliyelipwa kidogo kufanya kazi ya yule wa kwanza, na ambaye kesho anaweza kuambiwa afungashe. Evan Evans alikuwa wa namna ya pili maisha yake yote. Leo yuko Manafon, kesho yuko Lyminge, huko Kent kusini mwa England. Akirudi Wales yuko Trefriw, kisha Llanfair Talhaearn, kisha Tywyn. Hakupata kukaa mahali akasema hapa ni kwangu.

Na kila alikokwenda alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma. Aliuliza kuna nani mwenye vitabu vya zamani. Akisikia kuna bwana fulani, milima mitatu mbele, ana sanduku la maandiko, aliondoka kwenda kuomba. Mengine aliazimwa kwa siku chache, mengine aliruhusiwa kuyasomea palepale. Naye hukaa na kalamu ya unyoya na wino, ananakili neno kwa neno, herufi za karne ya 13 au 14 zilizofifia, maneno ambayo hata Wawelisi wenyewe walikwisha yasahau. Hapakuwa na mashine ya fotokopi, ndugu zangu. Ukitaka nakala ya kitabu, unakiandika upya.

Mwaka 1758 juhudi zile zilizaa tunda kubwa. Evans alifikia kitabu cha mkono cha karne ya 13, chenye utenzi uitwao Gododdin, unaohusishwa na mshairi Aneirin. Utenzi huo unawaomboleza mashujaa mia tatu waliokula na kunywa mwaka mzima katika ukumbi wa mtawala wao, huko ambako leo ni Edinburgh, kisha wakaenda kupigana mahali paitwapo Catraeth, yapata mwaka 600, wakauawa karibu wote. Ni kati ya mashairi makongwe kuliko yote yaliyopata kutungwa katika kisiwa kile. Lewis Morris alifurahi hata akaufananisha ugunduzi huo na safari ya Columbus kufika Amerika. Hakutia chumvi sana. Kwa watu walioambiwa kila siku kwamba lugha yao ni ya wachunga kondoo, kupata utenzi kama ule ni kupata cheti cha kuzaliwa.

Kulikuwa na jambo jingine wakati huo ambalo mimi, kama mwandishi wa habari, hunigusa sana. Mwaka 1760 Mskoti mmoja, James Macpherson, alianza kuchapisha maandishi aliyodai kuwa ni tafsiri za mashairi ya kale ya milima ya Uskoti, yaliyotungwa na mshairi wa zamani aitwaye Ossian. Ulaya nzima ikapagawa. Watu wakauliza: haya, maandiko ya asili yako wapi? Macpherson hakuyatoa ya kutosheleza, na wachunguzi wa baadaye walikuta kwamba alichukua vipande vya nyimbo za wazee, kisha sehemu kubwa akaitunga mwenyewe.

Evans naye akatoa kitabu chake London mwaka 1764, chenye mifano ya ushairi wa kale wa Wales pamoja na insha ya Kilatini juu ya washairi wale. Alifanya nini? Aliweka tafsiri ya Kiingereza, na ndani ya kitabu hicho hicho akaweka maneno ya asili ya Kiwelisi. Mwenye shaka na asome mwenyewe. Kitabu hicho hakikuvuma kama cha Macpherson, wala hakikumtajirisha mwandishi wake. Lakini wasomi wa England walimheshimu. Thomas Percy, aliyekuwa akikusanya mashairi ya kale ya Kiingereza, aliandikiana naye barua kwa miaka mingi. Mshairi mashuhuri Thomas Gray alitumia kazi ya Evans kutunga shairi lake juu ya ushindi wa mfalme Owain. Macpherson alipata fedha na jina. Evans alipata kuaminiwa, na leo, zaidi ya miaka 250 baadaye, mtafiti wa mashairi yale bado anaweza kuanzia kwake bila kuogopa kudanganywa. Vijana wanaoingia katika kazi hii ya habari ningependa walikumbuke hilo kila wanapoandika maneno "imeelezwa kwamba".

Turudi kanisani. Kwa nini mtu msomi namna ile hakupewa parokia? Wapo waliosema, na bado wapo wanaosema, kwamba ni pombe. Sitaficha: alikunywa, na rafiki zake wenyewe walilalamika. Tena alikuwa mwepesi wa hasira na mzito wa kusamehe. Mtu wa namna hiyo si rahisi kumpandisha cheo. Lakini pombe peke yake haitoshi kuwa jibu, kwa sababu makasisi walevi waliokuwa na parokia hawakuwa haba katika karne ile.

Jibu jingine ni hili. Tangu miaka ya 1710 hadi mwaka 1870, hakuteuliwa hata askofu mmoja wa Wales ambaye Kiwelisi kilikuwa lugha yake. Miaka mia moja na hamsini! Maaskofu walikuwa Waingereza waliopangiwa Wales kama kituo cha kupitia tu, wakisubiri dayosisi nono zaidi kwao. Nao wakaja na jamaa zao, na jamaa hao ndio waliogawiwa parokia nzuri. Ikawa mchungaji asiyejua neno la Kiwelisi anawahubiria watu wasiojua neno la Kiingereza. Na hili halikuwa kwa kukosa vitabu. Biblia nzima ilikuwa imetafsiriwa kwa Kiwelisi tangu mwaka 1588 na William Morgan, aliyekuja kuwa askofu baadaye, na sheria ya mwaka 1563 ilitaka ibada katika sehemu zinazosema Kiwelisi zifanywe kwa lugha hiyo.

Mnaweza kudhani natia chuku. Basi sikilizeni kisa cha Trefdraeth, katika kisiwa cha Anglesey. Mwaka 1766 waumini wa huko waliletewa mchungaji Mwingereza, Dokta Thomas Bowles, mzee wa miaka zaidi ya sabini. Parokia yake ilikuwa na watu kama mia tano. Waliojua Kiingereza walikuwa watano. Wazee wa kanisa wakakataa, wakaungwa mkono na Wawelisi waliokuwa London, kesi ikafika katika mahakama ya kanisa. Hukumu ilitolewa mwaka 1773. Jaji alikubali kwamba ni haki ya waumini kuwa na mchungaji anayejua lugha yao, na kwamba asiyeijua asingefaa kuteuliwa. Je, Dokta Bowles aliondolewa? La hasha! Ilisemwa kwamba kwa kuwa amekwisha kupewa parokia, basi abaki. Waumini wakashinda hoja, mzee akabaki na kanisa, hadi kifo kilipomchukua mwaka ule ule.

Katika hali kama hiyo Evans hakunyamaza. Mwaka 1776 alichapisha mkusanyo wa mahubiri kwa Kiwelisi, ili makasisi wapate kitu cha kuwasomea watu, na katika dibaji akawashambulia waziwazi maaskofu wale wa Kiingereza. Hebu fikirini. Mtu anayetegemea askofu kupata mkate wake anamshambulia askofu katika kitabu kilichopigwa chapa. Wenye busara watasema alijichimbia kaburi. Huenda. Ila nauliza: angejipendekeza, tungekuwa na nini leo? Tungekuwa na jina moja zaidi katika orodha ya wachungaji wa parokia fulani, basi.

Wapo waliomsaidia. Bwana tajiri, Sir Watkin Williams Wynn, alimpa posho na kumfungulia maktaba ya jumba lake la Wynnstay. Ufadhili ule haukudumu. Wakati fulani Evans alifika kwenye magofu ya jumba la Ifor Hael, bwana wa karne ya 14 aliyesifika kwa ukarimu wake kwa washairi. Alikuta miiba, mimea inayotambaa na bundi. Akatunga beti chache juu ya ukumbi uliokuwa na nyimbo na sasa una ukimya. Kati ya yote aliyotunga, beti hizo ndizo Wawelisi wanazozijua zaidi hadi leo. Nadhani hakuwa akimlilia Ifor tu. Alikuwa akijiuliza kama wafadhili wa namna ile watapatikana tena.

Mwisho wa umri wake alipatikana mmoja. Mwanasheria Paul Panton, wa Plas Gwyn huko Anglesey, alikubali kumpa pauni 20 kila mwaka, na Evans akamkabidhi maandiko yake yote. Yalikuwa yapata juzuu mia moja. Kazi ya maisha mazima kwa pauni 20 kwa mwaka! Tena hakuzifaidi kwa muda mrefu. Agosti 1788 alifariki kwao Lledrod.

Waswahili tunasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya Wawelisi ilipata daftari lake. Kuanzia mwaka 1801 hadi 1807 zilichapishwa London juzuu tatu kubwa za fasihi ya kale ya Wales, na sehemu ya yaliyomo ilitokana na makaratasi yaliyohifadhiwa kwa Panton. Aliyelipia uchapaji hakuwa serikali wala kanisa. Alikuwa Owen Jones, Mwelisi mfanyabiashara wa ngozi za manyoya mjini London. Mwaka 1807 huo huo, jumba la Hafod, katika wilaya aliyozaliwa Evans, likaungua pamoja na hati zake za kale. Mwaka 1858 likaungua Wynnstay, lile jumba ambalo Evans alikaa akinakili, na maktaba yake ikateketea. Moto haukuuliza nani ni bwana na nani ni kasisi msaidizi. Ulichoma vilivyokuwa katika majumba makubwa, na makaratasi ya yule maskini yakabaki. Leo yamo katika Maktaba ya Taifa ya Wales, mjini Aberystwyth, si mbali na Lledrod. Na lugha yenyewe? Katika sensa ya mwaka 2021, watu wapatao 538,000 nchini Wales, yaani asilimia 17.8, walisema wanakizungumza Kiwelisi. Tangu mwaka 2011 sheria inakitambua kuwa lugha rasmi ya nchi hiyo.

Sasa tujitazame wenyewe. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, kulikuwa na chumba kilichojaa tepu za zamani. Sauti za wazee wakisimulia asili ya miji yao, malenga wakighani, wanawake wakieleza nyimbo za harusi na maana zake. Kompyuta zilipoingia studio, chumba kile kilitakiwa. Tepu zilipakiwa kwenye gari la taka, na mashine ya kuzisikilizia ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Niliyeuliza nikajibiwa kwamba nani atasikiliza mambo ya kale. Baadhi ya wazee wale wamekwisha tangulia mbele ya haki, na sauti zao zimetangulia pamoja nao. Hapakuwa na moto, wala adui kutoka nje. Tuliondoa sisi wenyewe, asubuhi, kwa mikono yetu.

Na majumbani je? Mzee akifariki, arobaini ikipita, watoto hugawana kitanda, redio na kiwanja. Sanduku la madaftari huenda wapi? Mara nyingi huenda kwa muuza karanga. Humo mna barua, mashairi, majina ya mababu, hesabu za duka la mwaka ambao hakuna anayeukumbuka. Mwenye macho ya Evan Evans angeketi sakafuni akaanza kunakili.

Najua yupo msikilizaji anayesema: ndugu mtangazaji, makaratasi ya kale hayajazi tumbo. Ni kweli, na Evans ni shahidi. Hayakumjaza lake. Ndiyo maana sitawaomba vijana wetu waende wakafe maskini kwa ajili ya utamaduni, wakati sisi tumekaa tunapiga makofi. Ninawasemesha wenye uwezo kidogo. Katika mji huu tunachangishana mamilioni kwa harusi ya siku moja, na chakula kinabaki. Hatujapata kukaa kamati kuchangia kijana mmoja azunguke na kinasa sauti mwezi mzima kuwasikiliza wazee wa mtaa wake. Yule mwanasheria wa Anglesey na yule muuza ngozi wa London hawakuwa wafalme. Walikuwa watu wa mjini kama ninyi, wenye shughuli zao, walioona kwamba jambo fulani lina thamani wakatia mkono mfukoni.

Mwacha asili ni mtumwa, tunalisema hilo kila siku, hasa kwenye hotuba. Kwa juma hili nawaomba kitu kidogo kuliko hotuba. Ukifika nyumbani, uliza lile sanduku liko wapi. Kama bado lipo, lifungue, lipanguse vumbi, na uandike kwenye karatasi vitu vilivyomo. Kama mzee mwenyewe yu hai, bora zaidi: mpelekee kahawa, kaa chini, mwache azungumze, nawe uandike.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaaliwa, tukutane tena juma lijalo.